Hofu ya Mtu wa Kwetu

Wengi wetu tuliofika Brussels kuomba hifadhi tunaikumbuka Petit-Château, ile kambi ya zamani ya wanajeshi kando ya mfereji, iliyoanza kupokea waombaji hifadhi mwaka 1986. Tunaikumbuka pia hofu ya kuketi mbele ya afisa, mkalimani yuko pembeni, ukaulizwa tarehe ambazo nyumbani hakuna aliyeziandika. Hofu hiyo imeshaelezwa sana. Leo nataka kuzungumzia nyingine, ambayo hatupendi kuitaja: hofu ya mtu wa kwetu. Unamsikia mtu dukani Matonge akisema Kiswahili, unafurahi. Kisha anakuuliza, "Kwenu hasa ni wapi? Wewe mtoto wa nani?" Hapo hapo jibu lako linakuwa fupi.

Kitabu kilichonifanya niitafakari hofu hii ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, By the Sea, iliyotoka mwaka 2001. Wanaosoma Kifaransa wataipata kwa jina la Près de la mer. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948 na alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Tangu hapo amesifiwa mno kama mwandishi wa wakimbizi na ukoloni. Sifa hiyo ni haki yake. Lakini ukiisoma riwaya hii kwa jicho hilo tu, unaweza kudhani kwamba adui wa mkimbizi yuko uwanja wa ndege peke yake.

Mzee Saleh Omar, mfanyabiashara wa fanicha kutoka Zanzibar, anafika Gatwick akijifanya hajui Kiingereza. Pasipoti aliyoshika ina jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban Mahmud. Afisa wa uhamiaji, Kevin Edelman, anampekua na kumnyang'anya kisanduku cha udi, kitu pekee cha thamani alichokuja nacho. Hapa Gurnah ameweka jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Edelman anamwambia mzee kwamba hata wazazi wake yeye walikuwa wakimbizi, kutoka Romania. Amefungua moyo, tungesema. Lakini anayasema hayo ili kumwonyesha mzee kwamba wazazi wake walikuwa Wazungu na walistahili kupokewa, na udi anauchukua vile vile. Tusidhani basi kwamba kila anayesimulia machungu ya kwao anakukaribisha. Edelman amesimulia bila kuhatarisha chochote.

Mwenye cha kuhatarisha anakuja baadaye. Ni Latif Mahmud, mhadhiri wa London, mtoto halisi wa yule Rajab Shaaban ambaye jina lake limeibwa. Tangu utotoni Latif anamjua Saleh Omar kama mtu aliyechukua nyumba yao kwa deni. Anakumbuka alivyotumwa na mama yake dukani kwa Saleh kuomba arudishiwe meza ndogo ya mpingo, akarudi mikono mitupu. Saleh naye ana yake. Mama wa Latif alikuwa na uhusiano na waziri, na kwa nguvu ya waziri huyo Saleh alifungwa miaka mingi. Mke wake na binti yake mchanga walifariki yeye akiwa gerezani. Tukifuatilia zaidi tunaona kwamba hata safari yake ya uzeeni ilisababishwa na mtu wa kwao: Hassan, kaka wa Latif, alirudi baada ya miaka mingi ugenini akafufua madai ya zamani.

Watu hawa wawili wanaketi katika nyumba ndogo ya mzee, kwenye mji wa pwani ya Uingereza, na wanazungumza. Hakuna hakimu wala mkalimani. Latif anakiri kwamba kumbukumbu alizozibeba kama ushahidi zilikuwa na matundu. Saleh anaeleza biashara ya rehani iliyompa ile nyumba, bila kujitakasa kabisa: sheria ilikuwa upande wake, huruma hakuwa nayo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa maoni yangu, nguvu ya riwaya iko hapa. Afisa alimwogopesha Saleh ingawa hakumjua. Latif anamjua, na angeweza kumwumbua kwa neno moja. Ndiyo maana Latif peke yake anaweza kumpunguzia mzigo. Mgeni mwema, kama Rachel anayemsaidia mzee na kesi yake, humpa msaada na urafiki, lakini hawezi kumsamehe kosa asilolijua.

Je, kitabu hakina kasoro? Zipo mbili. Kwanza, sadfa ya Latif kuitwa amsaidie mtu mwenye jina la baba yake ni nzito kidogo. Katika maisha, jamaa tunaowaogopa hawaletwi mlangoni na mwanasheria. Pili, na hii ni kubwa zaidi, wanaume wanapatanishwa huku wanawake wakibaki kimya. Asha, mama wa Latif, anasimuliwa na mwanawe na na hasimu wake. Sisi hatumsikii yeye mwenyewe akieleza alitaka nini au aliogopa nini. Upatanisho uliomwacha nje mtu aliyelaumiwa kuliko wote haujakamilika.

Hata hivyo nawasihi mkisome. Kiswahili chetu hapa Brussels kimetoka Bukavu, Goma, Lubumbashi, Bujumbura, Mombasa na Unguja, na nyuma yake kuna vita na mapinduzi ambamo ndugu zetu hawakuwa upande mmoja. Tunakutana misibani na harusini, tunakula pamoja, tunaulizana habari, na yale ya nyuma hatuyagusi. Tunaiita heshima. Mara nyingine ni heshima kweli, na Gurnah hasemi kila kitu kimwagwe mbele ya kila mtu; Saleh alichagua wa kumwambia, na alimwambia kidogo kidogo.

Mara ya mwisho nilipoulizwa dukani mimi ni mtoto wa nani, nilitaja mji wetu tu, nikalipa, nikaondoka. Aliyeniuliza alikuwa mzee wa umri wa baba yangu. Tangu nimalize kitabu hiki nimekuwa nikijiuliza yeye alikuwa anamtafuta nani.