Besi Sakafuni, Mbuzi Jikoni: Ijumaa Moja Brixton

Saa mbili usiku ukumbi ulikuwa umefurika, lakini mhudumu aliyetuletea maji hakuwa na papara hata kidogo. Hapo ndipo nilipoacha kuwa mteja nikaanza kutazama kazi. Ulikuwa mgahawa wa Kijamaika, Brixton, kusini mwa London. Meza kama ishirini, watu wanacheza katikati ya viti, glasi zinatetemeka kwa muziki, na chakula kinatoka kwa wakati, tena cha moto. Shamrashamra ya namna hiyo huandaliwa tangu asubuhi.

Siri ya kwanza iko kwenye menyu. Mbuzi wa bizari, mkia wa ng'ombe, wali wa maharage: vyote ni vyakula vinavyovumilia kungoja. Bizari hukaangwa kwanza kwenye mafuta mpaka igeuke rangi na harufu ipande, ndipo nyama iingie, kisha moto mdogo kwa saa mbili au zaidi. Bizari hiyo ilifika Jamaika na vibarua wa Kihindi walioanza kuletwa mwaka 1845, utumwa ulipokwisha kukomeshwa. Ukiupika mchuzi mchana, usiku umekolea zaidi. Mpishi mwenye mchuzi kama huo hatishwi na meza ishirini zikiagiza kwa mpigo.

Wali ulinishika zaidi. Jiko lilikuwa wazi, nikasogea. Ni tui la nazi, thaimu, maharage mekundu, na juu yake pilipili moja nzima, ndugu wa damu wa pilipili mbuzi yetu. Isipopasuka, wali unapata harufu yake bila kuwasha. Ikipasuka, sufuria yote imekwenda. Nilimwona mpishi akiichota kwa kijiko, taratibu, kama mtu anayebeba yai.

Kinachodai moto saa ile ile ni ndizi mzuzu na kuku wa jerk, yaani wa viungo na moshi. Kule Jamaika, Boston Bay, mkoa wa Portland, nyama hulazwa juu ya fito mbichi za mti wa pimento, ule ule ambao punje zake hunukia karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja. Hapa London ni mkaa, ndani ya pipa lililopasuliwa katikati, mfuniko umefungwa ili moshi usitoroke. Kuku alilala kwenye viungo tangu jana, na alikwisha kuivishwa sehemu kubwa kabla wageni hawajafika. Ukiagiza, anarudi motoni dakika chache, anakatwa kwa shoka la nyama pamoja na mifupa yake, anakuja mezani ngozi bado inachirizika mafuta.

Sasa muziki, na hapa ndipo kumbi nyingi huharibu. Besi ya rege hukaa chini, aghalabu chini ya hezi 100. Maneno ya binadamu tunayaelewa hasa kwa konsonanti kama s, t na k, ambazo nguvu yake iko juu huko, kwenye hezi 2,000 na zaidi. Hivyo viwili havigombani, ilimradi fundi asipandishe sauti kali za juu. Fundi wa pale alizishusha. Spika kubwa zilisimama sakafuni kwenye kona, besi ikapita kwenye benchi hadi kifuani, nami nikazungumza na mwenzangu bila kupaza sauti. Mdundo wenyewe ulisaidia: kwenye rege ya mtindo wa one drop, pigo la kwanza huachwa tupu na ngoma hushuka kwenye la tatu, na katika nafasi hiyo mtu humaliza sentensi yake.

Selekta, yaani mchagua rekodi, naye alijua saa. Tulipokuwa tunasoma menyu alipiga rocksteady ya taratibu na lovers rock, muziki wa mapenzi uliozaliwa papa hapa London miaka ya 1970. Dancehall, yenye mdundo wa kasi, ilingoja mpaka sahani kubwa ziondoke. Huu ni urithi: Kingston ya miaka ya 1950, Duke Reid, mmoja wa wakubwa wa sound system (disko la kuhamishika), alikuwa na duka la pombe. Muziki na kinywaji vilikuwa biashara ya nyumba moja tangu mwanzo.

Kosa nililoliona ni moja, nalo si dogo. Baada ya saa nne deejay alishika kipaza sauti (kwa Wajamaika deejay ni yule anayeghani, si mchagua rekodi). Sauti yake ikaangukia pale pale zilipo sauti za wageni. Mazungumzo yakafa, na meza mbili zilizokuwa bado zinakula zikainamia sahani. Kipaza sauti kingengoja nusu saa zaidi.

Wenye migahawa wa Dar, Mombasa na Kampala, kabla hamjanunua spika nyingine, shusheni sauti kali, teremsheni besi sakafuni, kisha hesabuni ni vyakula vingapi kwenye menyu yenu vinavyoweza kungoja.