"Ndogo Sana" si Kipimo: Uhakiki wa Istilahi za Nano katika Maandishi ya Tiba

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi chache zinazotumika siku hizi kueleza dawa na vipimo vilivyoundwa kwa vitu vya kiwango cha nano. Hatuhakiki kazi ya mtu mmoja wala ya ofisi moja. Dosari tutakazozitaja zimeenea katika vipeperushi vya afya, habari za magazeti na tafsiri za ofisini, na aghalabu zimeandikwa na watu wenye nia njema ya kumsaidia msomaji. Tunachohoji ni desturi ya kudhani kwamba istilahi ngumu ikishabadilishwa kuwa maneno mepesi, kazi ya tafsiri imekwisha. Tutajaribu kuonyesha kwamba katika uwanja huu wepesi wa namna hiyo waweza kumdhuru mgonjwa.

Hapana budi tukiri kwamba mfasiri hakuachiwa akiba kubwa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilipotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, tiba hii ilikuwa ndiyo kwanza inatoka maabara. Dawa ya saratani iliyofungwa katika viputo vya nano ilikubaliwa Marekani mwaka 1995. Tangu hapo taaluma imekwenda mbio, na lugha imeachwa ijitafutie njia.

1. Juu ya nano

Kiambishi nano kimetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mtu mfupi kupita kiasi. Mwaka 1960 kiliingizwa katika Mfumo wa Kimataifa wa Vipimo kikapewa maana moja tu: sehemu moja ya bilioni. Nanometa moja, basi, ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mwaka 1974 Mjapani Norio Taniguchi alikitumia kiambishi hicho kuunda jina la teknolojia nzima, na leo vitu vya nano hutambuliwa kwa kawaida kuwa ni vile vyenye ukubwa wa baina ya nanometa 1 na 100, walau kwa upande mmoja.

Tafsiri iliyozoeleka ni "chembe ndogo sana". Kosa lake ni kwamba haina kipimo. Seli nyekundu ya damu ni ndogo sana, nayo ina upana wa nanometa 7,000 hadi 8,000 hivi. Vumbi la unga ni dogo sana. Mambo hayo hayamo kabisa katika taaluma tunayoizungumzia.

Yako mengine yaliyo mazito zaidi. Katika kiwango cha nano kitu hakipungui ukubwa tu, bali hubadili tabia. Dhahabu ikisagwa kuwa unga laini hubaki dhahabu tunayoijua. Lakini ikigawanywa majini hadi kufikia nanometa 20 hivi, maji huwa mekundu. Mstari mwekundu unaoonekana katika vipimo vingi vya haraka vya malaria, ambavyo mhudumu wa zahanati huvitumia kila siku, ni rangi ya dhahabu ya namna hiyo. Mwalimu akimwambia mwanafunzi kwamba mstari ule ni "vipande vidogo sana vya dhahabu", mwanafunzi mwerevu atauliza kwa nini basi si vya njano, na istilahi ya mwalimu haitamsaidia kumjibu.

Wako wanaopendelea kufasiri mzizi wenyewe wa Kiyunani kwa "kibete". Hatuafiki. Neno hilo humtaja binadamu, tena kwa namna inayoweza kumdunisha, na halibebi hesabu yoyote. Tumekwisha kupokea kilo na mili katika kilogramu na milimita bila kuzifasiri, kwa kuwa ni alama za kipimo. Nano ipokewe kwa sababu hiyo hiyo.

2. Juu ya chembe

Neno chembe limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Twasema chembe ya mchanga, chembe ya nafaka, chembe hai, chembechembe nyeupe za damu, chembe sahani, na chembe za urithi. Kwa mwanasayansi hivyo ni vitu vya jamii mbalimbali: vingine ni uhai, vingine ni punje tu, na vingine ni sehemu ya molekuli. Mtu akiambiwa kwamba atadungwa "chembechembe zenye dawa", atajuaje kama ataingiziwa seli za mtu mwingine, au chembe za urithi, au vitone vya kemikali?

Hofu hii si ya kubuni. Chanjo za UVIKO-19 za aina ya mRNA zilipoanza kutumika Desemba 2020, uvumi kwamba zinabadili urithi wa mwanadamu ulienea katika nchi nyingi. Ujumbe wa mRNA katika chanjo hizo umebebwa ndani ya nanochembe za lipidi. Hauingii katika kiini cha seli palipo na urithi, na baada ya muda mfupi huvunjwavunjwa. Uvumi huo haukuanzishwa na Kiswahili. Lakini lugha inayoita seli chembe, jeni chembe na kibebeo cha dawa chembe, humpa mvumishaji nusu ya kazi yake bure.

Kwa hiyo twapendekeza mgawanyo ulio wazi: seli ibaki seli, jeni ibaki jeni, na chembe iachiwe kipande cha kitu kisicho na uhai. Maneno seli na jeni yamekwisha kuzoeleka shuleni. Kinachotakiwa ni uthabiti wa mwandishi.

Latokea hapo swali la mpangilio. Sarufi yetu hutanguliza jina kisha kivumishi, na kwa kanuni hiyo wengine wameandika "chembe nano". Kwa kanuni, wana haki. Lakini irabu moja tu hutenga "chembe nano" na "chembe nane", na kosa la chapa au mwandiko mbaya wa daktari latosha kuigeuza istilahi kuwa hesabu ya vitu vinane. Tunaona ni salama zaidi kuandika nanochembe, neno moja, kwa mfano wa nanometa na nanogramu. Sarufi ina haki zake, lakini katika cheti cha dawa usalama wa mgonjwa hutangulia.

3. Juu ya liposomu

Alec Bangham na wenzake, waliofanya kazi Babraham karibu na Cambridge, walieleza katika miaka ya 1960 jinsi fosfolipidi zinavyojipanga zenyewe majini na kufanya viputo vyenye ukuta wa tabaka mbili. Kiputo hicho ndicho liposomu. Tumeona kikiitwa "kifuko cha mafuta". Maelezo hayo yana kasoro mbili.

Kwanza, mafuta ni aina moja tu ya lipidi. Mtu anayesoma kwamba atadungwa mafuta mshipani ana haki ya kushtuka. Pili, neno kifuko humfanya msomaji aamini kwamba dawa imo ndani, kama sarafu mkobani. Mara nyingine ndivyo ilivyo: katika ile dawa ya saratani ya mwaka 1995, dawa hukaa katika uwazi wa liposomu. Lakini katika amfoterisini B ya liposomu, dawa ya kuua kuvu, dawa imepachikwa katika ukuta wenyewe. Na nanochembe za lipidi za chanjo ya mRNA si viputo vyenye uwazi hata kidogo. Kiini chake kimejaa lipidi na mRNA vilivyoshikamana. Mfasiri anayeviita vyote "vifuko vya mafuta" amefuta tofauti tatu kwa mpigo mmoja.

Liposomu ni umbo linalofaa, kwa kuwa linafuata njia ya kromosomu na ribosomu, maneno ambayo mwalimu wa biolojia hana haja ya kuyaeleza upya. Umbo la liposoma tunalikataa, kwani linamfanya msomaji atafute ndani yake kitenzi ambacho hakimo.

4. Neno linaloachwa nyuma

Tumefika mahali palipotusukuma kuandika. Amfoterisini B hutumika kutibu kala-azari, na pia homa ya uti wa mgongo isababishwayo na kuvu wa kriptokokasi, ugonjwa unaowaua watu wengi wenye Virusi vya Ukimwi. Dawa hiyo ipo kwa sura zaidi ya moja. Ya zamani imechanganywa na deoksikolati, nayo hudhuru figo kwa urahisi. Ya pili ni ya liposomu, nayo huvumilika zaidi. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Wagonjwa 814 walihesabiwa katika uchambuzi. Waliopewa dozi kubwa moja ya dawa ya liposomu, pamoja na dawa nyingine mbili za kumeza, walikufa kwa asilimia 24.8 katika majuma kumi. Waliopewa tiba ya siku saba kwa dawa ya zamani walikufa kwa asilimia 28.7. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba hiyo ya dozi moja.

Sasa tupige hesabu. Dozi hiyo moja ya dawa ya liposomu ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito. Dozi ya siku ya dawa ya zamani ni miligramu 1 kwa kila kilo, na maelezo yake yanaonya kwamba isizidi 1.5. Kwa mgonjwa wa kilo 50, ya kwanza ni miligramu 500, ya pili ni 50. Zote mbili hupatikana katika vichupa vya miligramu 50. Mwongozo uliofasiriwa ukisema tu "mpe mgonjwa amfoterisini B miligramu 10 kwa kilo", na kabatini mna dawa ya zamani, mgonjwa atapewa vichupa kumi badala ya kimoja, na moyo wake waweza kusimama.

Hatari hii imekwisha kutokea kwingineko, tena kwa watu wanaosoma lugha yao wenyewe. Nchini Uingereza tahadhari ilitolewa mwaka 2007 baada ya vifo vilivyotokana na kuchanganya sura hizo mbili, na mwaka 2020 watumishi wa afya walikumbushwa tena. Ikiwa neno moja huweza kupotea kwa wenye lugha ya asili ya mwongozo, sisi tunaofasiri tuna sababu ya kulishika kwa mikono miwili.

Na kwa nini neno hilo hupotea? Kwa sababu mfasiri huliona kuwa ni pambo. Hudhani kwamba "ya liposomu" ni maelezo ya kiwandani yasiyomhusu muuguzi, hivyo hulifupisha kwa ajili ya wepesi. Wengine huandika "amfoterisini ya kawaida" kwa ile ya zamani. Kawaida ya nani? Katika hospitali iliyozoea dawa ya liposomu, hiyo ndiyo ya kawaida. Twasisitiza kwamba majina haya yaandikwe kwa ukamilifu kila yanapotajwa pamoja na dozi: amfoterisini B ya liposomu, na amfoterisini B ya deoksikolati. Hapa marudio si ila ya mtindo.

5. Juu ya kulenga

Neno kulenga, linalotumika kwa dawa zilizokusudiwa kufika mahali maalumu mwilini, twalisifu. Mwenye upinde aliyelenga hajapata bado. Huenda mshale ukapita kando. Ndivyo hali ilivyo. Mapitio ya tafiti za miaka kumi, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba katika wanyama wa maabara ni asilimia 0.7 tu ya nanochembe zilizodungwa, kwa kadirio la katikati, zilizofika katika uvimbe wa saratani. Nyingi hunaswa na ini na wengu.

Kosa huja pale mwandishi wa habari anapoliona neno hilo kuwa dhaifu akaandika "inashambulia seli za saratani pekee". Hapo ameongeza ahadi ambayo mtafiti hakuitoa, na mgonjwa ataiamini kwa kuwa imeandikwa.

6. Hoja ya wapenda wepesi

Tunajua tutaambiwa kwamba mwananchi hawezi kumeza nanochembe, liposomu na lipidi katika kipeperushi kimoja. Hoja hii ina uzito, wala hatupendi lugha ya kujigamba. Lakini dawa ya ugumu wa istilahi ni maelezo, na maelezo hayaondoi haja ya istilahi. Aandikaye kwa ajili ya wote na aandike hivi: "Dawa hii imepachikwa katika liposomu, yaani viputo vidogo vya lipidi ambavyo kumi vikipangwa mstari havifikii upana wa seli moja nyekundu ya damu." Msomaji amepata picha, na amepata jina atakalolitafuta kwenye kichupa. Akipewa picha bila jina, atafika dirisha la dawa mikono mitupu.

Kwa ufupi twapendekeza: nano ipokewe kama kiambishi cha kipimo, nanochembe iandikwe neno moja, chembe isitumike kwa seli wala jeni, liposomu na nanochembe ya lipidi zitenganishwe, na sura ya dawa isiachwe kamwe katika tafsiri yenye dozi. Watafsiri, walimu na wafamasia wenye maoni tofauti tunawaomba watuandikie, hasa wale walioona maneno haya yakitumika wodini. Orodha ya istilahi hutungwa mezani, lakini anayeijaribu ni muuguzi wa zamu ya usiku aliyeshika kichupa mkononi, na hana wa kumuuliza.