Neno "Dalili" katika Maandishi ya HPV

Katika maandishi ya afya yanayofasiriwa kwa Kiswahili juu ya virusi vya papiloma, yaani HPV, mara nyingi hukutwa kichwa "Dalili za maambukizi", na chini yake shauri kwamba mwanamke azionaye aende akapimwe. Kisarufi maneno hayo hayana dosari. Kimaana yanapotosha, na upotoshaji huo waweza kugharimu uhai.

Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa hiyo msomaji huelewa kwamba pasipo mawingu hapana mvua. Lakini maambukizi ya HPV kwa kawaida hayana dalili yoyote, na mengi hutoweka yenyewe katika muda wa miaka miwili. Yanayodumu hubadili seli za mlango wa kizazi polepole. Aghalabu hupita miaka 15 hadi 20 kabla ya saratani kutokea, au 5 hadi 10 kwa mwanamke mwenye virusi vya Ukimwi asiyepata matibabu.

Chini ya kichwa hicho huchanganywa mambo mawili. La kwanza ni sunzua za sehemu za siri, ambazo wengi huziita masundosundo. Hizo kwa kawaida huletwa na aina ya 6 na ya 11, ambazo sizo zisababishazo kiasi cha asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Hizo ni aina ya 16 na ya 18. La pili ni kutokwa damu baada ya kujamiiana au baada ya hedhi kukoma. Hiyo yaweza kuwa dalili ya saratani yenyewe, wala si ya maambukizi, na aipataye hana budi kwenda hospitali mara moja.

Kasoro nyingine ni jina la kipimo. "Uchunguzi" peke yake hutumika pia kwa mgonjwa, na hata kwa polisi. "Uchujaji" haufai, kwani mtu hachujwi kama tui. Napendekeza "uchunguzi wa mapema", istilahi iliyokwisha kuzoeleka, mradi ifafanuliwe inapotajwa mara ya kwanza kuwa ni uchunguzi wa mtu asiye na dalili. "Utambuzi wa ugonjwa" ubaki kwa aliyekwisha kuugua.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa wafikapo umri wa miaka 35, na tena wafikapo 45. Wanaoitwa ni wanaojiona wazima. Hata siki inayopakwa katika vituo vya afya kazi yake ni kuonyesha weupe penye seli zilizobadilika, ambazo mwenyewe hazihisi.

Kwa hiyo wafasiri na walimu wanaombwa kukiondoa kichwa "Dalili za maambukizi", na mahali pake waandike: "Usingoje dalili, pimwa ungali mzima."