Nunua Chesisi, Injini Itafuata

Mdogo wangu analima maharage na ulezi upande wa Matai. Misimu mitatu alikodi gari kufikisha mazao Sumbawanga mjini, na nauli ikawa inakula faida. Aliponiambia ana milioni 9 na anataka pikapu, nilimjibu kuwa ana milioni 7. Zile 2 ni za fundi, na dalali asizisikie kabisa.

Kwa fedha hiyo huagizi gari Japan. Ukijumlisha ushuru, VAT na tozo ya uchakavu, umeshashindwa. Tulitafuta lililokwisha kusajiliwa nchini. Hapo watu wengi hudanganywa na herufi za namba. Namba ya T inakuonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania. Mwaka wa kutengenezwa usome kwenye kadi.

Tulikagua Hilux tatu za dizeli, zote za kebini moja. La kwanza lilikuwa na rangi mpya na liliwaka kwa mguso mmoja. Mdogo wangu alikwisha kulipenda. Fundi wetu akatandika gunia, akaingia chini na bisibisi, akawa anagonga chesisi taratibu kuanzia mbele. Ngo, ngo, ngo. Juu ya springi za nyuma mlio ukafifia. Akasukuma, bisibisi ikazama mpaka karibu na mpini. Gari lilikuwa likibeba samaki, na maji ya samaki yalichuruzika humo miaka mingi. "Kaka, hili limeshakufa, limepakwa rangi tu," akasema. Injini hufunguliwa hapahapa mjini, ikabadilishwa ringi na gasketi kwa awamu, kadiri fedha inavyopatikana. Chesisi iliyooza ukiichomelea, itakatika pembeni ya weldi siku ukiwa na magunia.

La pili tuliliacha ndani ya dakika kumi: namba iliyogongwa kwenye chesisi haikufanana na ya kwenye kadi. Hapo hakuna cha kujadili bei.

La tatu lilikuwa baya kwa macho. Tulifika alfajiri bila taarifa, fundi akaweka kiganja kwenye rejeta kuhakikisha ni ya baridi. Asubuhi ya Juni huku Ufipa inaumbua dizeli, kwa sababu dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Lilihangaika, likatoa moshi mweupe, kisha likatulia. Moshi wa bluu, ule wa oili inayoungua, haukuonekana. Chini, bisibisi ililia vilevile kote.

Injini yake ni 3L, cc 2,779, isiyo na turbo. Uwanda wetu uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya sita kuliko ya Dar es Salaam. Injini ya aina hii hupungukiwa nguvu kiasi kama hicho, na moshi mweusi kidogo kwenye mlima si lazima uwe ugonjwa. Ndiyo maana 2L ya cc 2,446 sikuitaka kwa mizigo. Maji nayo huku huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, kwa hiyo mfuniko wa rejeta unaovuja ni hatari zaidi kuliko pwani.

Tulilijaribu barabara ya Ntendo kwenda Muze, inakoporomoka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa. Kushuka, gia ya pili, mguu nje ya mafuta: gia haikuchomoka. Kupanda, tukiwa na mawe nyuma: mshale wa joto ulisimama katikati, lakini klachi iliteleza. Udhaifu huo ndio uliotushushia bei mpaka milioni 6.4.

Mkataba uliandikwa mbele ya wakili, na aliyesaini ndiye mwenye jina kwenye kadi, si dalali. Umiliki tulibadilisha TRA wiki hiyohiyo. Klachi, nozeli na plagi za kupasha moto vililipwa kwa zile milioni 2 tulizozificha.

Ndugu msomaji unayekwenda kuangalia gari wiki hii, beba bisibisi na gunia la kulalia, na fika kabla mwenyewe hajaliwasha.