Tunamwogopa Nani?

Wataalamu wetu wa fasihi wamezoea kuziita riwaya za upelelezi "riwaya pendwa," jina ambalo kwa nje ni la sifa na kwa ndani ni la dharau. Miezi hii nimezisoma upya baadhi yake, nami naona kila moja inalijibu swali zito kwa njia yake: jamii yetu inamwogopa nani?

Tuanze na Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957-58, ikachapishwa 1960. Maiti inaonekana penye mzimu, na watu wako tayari kuwatwisha lawama wasioonekana. Bwana Msa, kiko chake mdomoni, hakubali. Kwake yeye aliyeua ni binadamu. Katika vitabu vilivyofuata, kama Kisima cha Giningi (1968) na Duniani Kuna Watu (1973), fumbo halimo katika silaha bali katika nasaba: nani kazaliwa na nani, nani kamwoa nani kwa siri, nani atarithi. Husemwa kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyehamia Unguja. Kiko kweli kakiazima. Lakini Holmes huongozwa na majivu ya sigara na matope ya viatu. Bwana Msa huongozwa zaidi na kuwajua watu, jamaa zao na aibu zao.

Elvis Musiba alituhamisha kutoka uani hadi uwanja wa ndege. Willy Gamba wa Kufa na Kupona (1974) ni mtumishi wa serikali. Nyaraka za wapigania uhuru zimeibwa Dar es Salaam, naye anatumwa Nairobi kuzifuata. Kijana wa leo anaweza kuzicheka ngumi zile na wasichana wale wasiokwisha. Asicheke upesi. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake mjini humu tangu 1963 hadi 1994, na Eduardo Mondlane wa FRELIMO aliuawa hapa hapa Februari 1969, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Hofu ile haikuwa ya kubuni. Udhaifu wa Musiba uko kwingine: Gamba hana shaka na wanaomtuma, na adui mkubwa katoka nje, au kanunuliwa na walio nje. Riwaya ikiisha msomaji hulala vizuri mno.

Ben Mtobwa alimtoa mpelelezi katika ofisi ya serikali. Joram Kiango hujitegemea. Kwa kalamu namweka Mtobwa mbele ya Musiba, kwa kuwa mji wake una walalahoi na harufu ya vichochoro. Hata hivyo, katika Tutarudi na Roho Zetu? naye anamrudisha msomaji kwa adui yule yule, kaburu wa Afrika Kusini.

Sasa, kaburu aliondoka madarakani 1994. Hofu yetu imehamia wapi? Mimi naishi Goba. Si zamani sana huku kulikuwa mashamba. Leo ni ukuta kwa ukuta, na wakazi wa mtaa mmoja wametoka mikoa mbalimbali. Bwana Msa angekuja hapa, angemuuliza nani habari za nasaba? Wengi tunajua rangi ya geti la jirani kabla ya kulijua jina lake. Tunayemwogopa si mzimu wala jasusi. Ni mtu wa karibu tusiyemjua: aliyekiuza kiwanja kimoja kwa watu wawili, aliyeghushi hati, aliyeuficha wosia wa marehemu. Katika mambo hayo watu hugombana hadi kutoana roho, nami bado naisubiri riwaya itakayoyachimba kwa ustadi.

Ndiyo maana, katika hawa watatu, mwandishi chipukizi ningempa Abdulla kwanza, ingawa mazungumzo yake ni marefu na Kiswahili chake cha Unguja kitamlazimu msomaji wa bara aende polepole. Anajua kwamba mauaji huanzia katika siri ya nyumbani, muda mrefu kabla ya kisu kuchomolewa. Musiba anasomeka kwa usiku mmoja. Abdulla, ukishamjua muuaji, unarudi ukurasa wa kwanza kutazama jinsi alivyokuwa akiwaamkia watu.