Bei za Mtandaoni Zilivyoipima Takwimu ya Serikali

Januari 2007 serikali ya Argentina iliingilia kazi ya INDEC, ofisi yake ya takwimu, na fahirisi ya bei za walaji ikaanza kutiliwa shaka. Alberto Cavallo, raia wa Argentina aliyekuwa akisomea uzamivu Harvard, hakuwa na wadadisi wa kuwatuma madukani. Lakini supamaketi zilikuwa zikiweka bei zao kwenye tovuti, wazi kwa yeyote.

Kurasa za supamaketi huundwa kwa msimbo unaojirudia: jina la bidhaa, namba yake na bei hukaa mahali palepale. Cavallo alitumia programu iliyozipitia kurasa hizo kila siku na kunakili yaliyomo. Kwa kuwa kila bidhaa ilitambuliwa kwa namba yake, bei ya leo ililinganishwa na ya jana ya bidhaa ileile. Ndani ya kila kundi la bidhaa alichukua wastani wa mabadiliko, kisha akayajumlisha makundi kwa uzito rasmi wa kapu la walaji. Hatua hii haikwepeki, maana tovuti huonyesha bei tu, haisemi watu wamenunua kiasi gani.

Nguvu ya utafiti huu imo katika uamuzi mwingine: alizipima pia Brazil, Chile, Colombia na Venezuela kwa njia hiyohiyo. Katika nchi hizo nne, fahirisi yake ilikwenda sambamba na takwimu rasmi. Ni Argentina peke yake ambako vipimo hivyo viwili viliachana. Kati ya Oktoba 2007 na Machi 2011, bei za mtandaoni zilionyesha mfumuko wa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka, ilhali serikali ilitangaza takriban asilimia 8. Kipimo kilichosema kweli kwa nchi nne hakiwezi kulaumiwa kwa pengo la nchi ya tano. Februari 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa liliikaripia rasmi Argentina kwa kutorekebisha takwimu zake.

Njia hii ina mipaka. Kodi ya nyumba, nauli na ada za shule hazimo kwenye rafu za supamaketi. Na kwetu Afrika Mashariki, ambako chakula kingi hununuliwa sokoni na gengeni, tovuti haziwezi kuchukua nafasi ya mdadisi.

Kinachofaa kuigwa ni utaratibu wa kukipima chanzo kipya dhidi ya takwimu zinazoaminika kabla ya kukitegemea. Kazi hiyo inahitaji muda na uhuru ambao mtumishi mwenye ripoti ya kila mwezi hana, lakini mtafiti wa uzamivu anao. Uingereza, kupitia UKRI, wakala wake wa kufadhili utafiti, huwapeleka wanafunzi wa uzamivu miezi mitatu katika taasisi za serikali. Vyuo vikuu na ofisi zetu za takwimu viwafungulie watafiti wetu mlango kama huo, na matokeo yao yachapishwe hata yanapopingana na takwimu zilizokwisha kutangazwa.