Keki Ndiyo Inayosema Oveni Inaumwa Wapi

Fundi mzuri hakimbilii bisibisi. Anaomba kwanza kuonyeshwa keki yenyewe, kisha anauliza swali ambalo mwenye nyumba hakulitegemea: "Mama, saa moja jioni taa zenu zinawakaje?"

Swali hilo lina uzito wake katika kata ya Maretadu, Wilaya ya Mbulu. Umeme wa nyumbani Tanzania umepangwa uwe volti 230, lakini nyumba iliyo mbali na transfoma, mwishoni mwa laini ya njia moja, inaweza kupokea 200 au pungufu wakati majirani wote wamewasha vitu vyao. Volti 30 zinaonekana kidogo. Tatizo ni kwamba nguvu ya koili haipungui sawasawa na volti. Inafuata volti zilizozidishwa kwa zenyewe. Koili ya wati 2,000 kwenye volti 230 inabaki na wati kama 1,510 kwenye volti 200. Robo nzima imeyeyuka njiani. Umeme ukishuka hadi volti 180, zinabaki wati 1,225 hivi, na oveni ya namna hiyo ni kama jiko la mkaa ambalo mtu amelichota makaa karibu nusu halafu bado anategemea wali uive kwa muda uleule.

Dalili yake inasomeka. Keki inatoka imepauka kote, imekauka, na imechukua muda mrefu kupita kiasi. Taa ndogo ya thamostati, ambayo huzimika joto likifika, inakaa imewaka tu. Kununua koili mpya hapo ni kutupa hela. Afadhali kuoka asubuhi au mchana mapema, na kuachana na ekstensheni nyembamba, kwani koili ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9. Waya mwembamba unapata moto, unakula volti nyingine, na mwisho soketi inageuka rangi ya kahawia na kunuka plastiki.

Keki iliyoumuka vizuri kisha ikabonyea katikati inasimulia habari nyingine, na mara nyingi oveni haihusiki kabisa. Ni mwinuko. Haydom, mji wa jirani, uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Hewa inasukuma kidogo, kwa hiyo gesi ya beking pauda inatanuka haraka. Keki inapanda kabla kuta zake hazijashika, kisha inaanguka. Vipimo vya Dar es Salaam, mji ulio kando ya bahari, havifai kunakiliwa huku kama vilivyo. Kupunguza beking pauda kwa robo na kuongeza maziwa kidogo kumewaokolea wengi gharama ya fundi.

Halafu kuna ile iliyoungua juu na kubaki uji chini. Hapa hatimaye oveni ina kesi ya kujibu. Yeyote aliyekula keki ya sufuria, ile ya makaa chini na makaa mengine juu ya mfuniko, anaielewa bila kufundishwa: makaa ya chini yamezimika. Oveni nyingi za umeme zina koili mbili, na ya chini ndiyo imekatika. Fundi anachomoa plagi, anaacha ipoe, anafungua mfuniko wa nyuma na kushika ncha mbili za koili kwa maltimita. Koili nzima ya wati 2,000 inasoma karibu omu 26. Iliyokatika haisomi kitu. Ni kazi ya dakika kumi.

Thamostati ndiyo inayodanganya kwa ustadi zaidi, maana kitufe kinaonyesha 180 huku ndani ni 150 au 220. Kipimo chake kipo kabatini: sukari. Sukari nyeupe huyeyuka karibu na nyuzi 186. Kijiko kimoja kinawekwa kwenye karatasi ya foili, oveni inategwa 180 na ikishapata moto sukari inaachwa humo robo saa; inatakiwa ibaki chengachenga. Inapandishwa hadi 200, robo saa nyingine; sasa iyeyuke. Ikiyeyuka kwenye 180, oveni ina moto kuliko inavyosema. Isipoyeyuka kwenye 200, ni baridi kuliko inavyojisifu. Uzuri wake ni kwamba sukari haijali mwinuko.

Mpira wa mlango unapimwa kwa noti ya elfu moja: ibanwe na mlango oveni ikiwa baridi, kisha ivutwe. Ikiteleza bila kugoma, moto unatokea hapo, na uniti za LUKU zinatoka nao.

Za gesi zina lao moja kubwa: moto unawaka ukiwa umebonyeza kitufe, ukiachia unazimika. Wengi hulaumu mtungi. Mkosaji huwa ni themokapo, kijiti cha chuma kinacholambwa na moto na kuzalisha umeme kidogo mno, milivolti chache tu, wa kushikilia vali iliyo wazi. Masizi yakikifunika, vali inajifunga, na ndivyo inavyotakiwa. Kisuguliwe taratibu kwa msasa laini mtungi ukiwa umefungwa, kikigoma, kibadilishwe. Kufunga kitufe kwa waya ili vali isijifunge, kama wanavyofanya mafundi wa njia ya mkato, ni kuifungulia gesi nyumba nzima.

Limebaki moja la msimu. Oveni iliyokaa stoo masika yote, ikiwashwa tu breka inaruka. Unga mweupe ulio ndani ya koili hunyonya unyevu, na umeme unavujia kwenye bodi. Ikaushwe na ipimwe na fundi kabla ya kuwashwa tena. Na kama ukigusa mlango wake mkono unasisimka, usioke hata mkate mmoja: chomoa, ita fundi, na mwambie aanze na waya wa ethi.